DX imevaa injini ya 4A-GE na sasa inasumbua: kutafuta kosa kwa kufuata dalili

Siku injini mpya inapokaa ndani ya gari la zamani na boneti ikafungika bila kugonga kitu, watu hupiga picha. Mimi huwa nasubiri. Kuteremsha injini, kuchomelea mauntini (vishikio vya injini) na kukaza bolti ni kazi ambayo mwisho wake unaonekana kwa macho. Inayofuata ni kazi ya kusikiliza, kunusa na kupima, na hiyo ndiyo inayoamua kama gari litaingia barabarani au litalala uani chini ya turubai mpaka liote majani. Nimeona magari mazuri mno yakiishia hivyo, na mara nyingi kilichoyashinda ni waya mmoja.

Naandika kuhusu gari ninalolijua. Ni Toyota Corolla KE70, ile tunayoiita DX hapa Kenya, iliyotoka kiwandani na injini ya 4K ya ukubwa wa sisi (cc) 1,290, kabureta moja na feni inayozungushwa na belti. Ndani yake tunaweka 4A-GE ya valvu 20, sisi 1,587, iliyotolewa kwenye Levin au Trueno ya AE101 (hiyo ni ya kifuniko cha fedha) au ya AE111 (kifuniko cheusi). Toyota ilizitaja kwa nguvu farasi 160 na 165. Huko zilikotoka zilikuwa zimelala kwa ubavu, zimekingama gari, na kuvuta magurudumu ya mbele. Sisi tunaigeuza itazame mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma kupitia giaboksi ya T50. Kama mradi wako ni mwingine, Suzuki yenye injini ya Toyota au Land Rover yenye dizeli ya Land Cruiser, vipuri vitakuwa vingine lakini utafutaji wa kosa hautabadilika.

Utafutaji wenyewe unaanzia hapa. Injini uliyoinunua Grogan, kule kwenye vipuri vya magari Nairobi, ilikuwa inafanya kazi kwenye gari lake. Gari lako nalo lilikuwa linatembea na injini yake. Kilicho kipya ni pale vinapokutana: waya ulioungwa, hozi iliyokatwa, bomba lililopindwa, shafti iliyofupishwa. Kosa likitokea, anza kwenye maungio hayo. Anayekimbilia kufungua silinda hedi siku ya kwanza anatafuta mahali ambapo hakuna mtu aliyepagusa. Sharti ni moja tu, injini uwe umeipima kompresheni (presha ya kubana ndani ya silinda) kabla ya kuifunga, silinda zote nne, na tofauti kati ya iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa isizidi bar 1. Bila kipimo hicho utakuwa unashuku kila kitu kwa pamoja, na hutafika popote.

Uwe na mita ya umeme, taa ya taimingi (ya kupima wakati wa cheche), geji ya presha ya mafuta, na daftari.

Starta inazunguka kwa uchovu, au inabofya tu

Kwenye DX yangu ya kwanza nilinunua betri mpya, kisha starta ya pili, na bado injini ilizunguka kama mtu anayepanda mlima na gunia la mahindi. Mzee mmoja fundi alipita jioni kunisalimu, akaniambia nipige starta. Nikapiga. Yeye akaweka mkono juu ya kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye kikanyagio kwenda kwenye throto (mlango wa hewa wa injini).

"Kijana, teremka uje ushike hapa."

Ilikuwa ya moto. Ganda lake la plastiki lilikuwa limelainika na kung'aa pale linapopita kwenye bati, na ukilibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Injini imekaa juu ya mauntini za mpira, kwa hiyo haigusani na bodi. Umeme wa starta, ambao hupita ampea 100, ulikuwa umeingia kwenye injini na haukuwa na njia ya kurudi betri isipokuwa kupitia kebo ile nyembamba.

"Umeiwekea mlango wa kuingia," akasema, "hujaiwekea wa kutokea."

Pima hivi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku, kisha mwenzako apige starta. Ukisoma volti 0.2 uko salama. Ukiona 0.5 au zaidi, athi yako (njia ya umeme kurudi betri) ni mbovu. Funga kebo nene kutoka hasi ya betri hadi kwenye bloku au giaboksi, nyingine kutoka injini hadi bodi, na uparue rangi mpaka chuma king'ae kabla ya kukaza bolti. Zile nyaya ndogo za athi za kontroli boksi (kompyuta ya injini), ambazo Toyota ilizifunga kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, ziache hukohuko kwenye injini. Ukizihamishia kwenye bodi kwa sababu zilikuwa fupi, umejipangia shida za mwezi mzima: sensa zote zitasoma uongo mdogo mdogo na hutajua ni kwa nini.

Inazunguka vizuri, haishiki

Washa swichi bila kupiga starta. Je, taa ya injini imewaka? Kama wayaringi yako imefungwa bila taa hiyo, ifunge leo. Hiyo ndiyo sauti ya kontroli boksi. Isipowaka kabisa, kontroli boksi haina umeme, na hakuna haja ya kugusa plagi wala nozeli (vipulizia mafuta). Rudi kwenye rilei kuu, fyuzi, na waya wa swichi.

Huo waya wa swichi una mtego. Nyuma ya swichi ya DX kuna waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa lakini unaokatika wakati wa kupiga starta, kwa sababu kazi yake ni redio na vitu vidogo. Ukiuchagua huo kwa kontroli boksi, injini itazunguka siku nzima bila kushika. Dalili yake huwezi kuichanganya na nyingine: inajaribu kushika dakika ileile unapoachia ufunguo. Weka mita kwenye waya ulioutumia, piga starta, tazama. Volti inatakiwa ibaki 10 hivi. Ikianguka hadi sifuri, chagua waya mwingine.

Kontroli boksi ikiwa hai, iulize. Kwenye kile kisanduku kidogo cha uchunguzi kilichokuja na wayaringi (wengi hukikata na kukitupa, na ni hasara kubwa) unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi. Taa ikipepesa haraka na sawasawa bila kusita, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara moja, ikatulia kidogo, kisha mara mbili, hiyo ni 12: kontroli boksi haioni mzunguko wa injini kutoka kwenye distribyuta. Namba 14 ni ishara ya kurudi kutoka kwenye igniteri (kifaa kinachoamuru koili itoe cheche). 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni upande wa kupima hewa, 41 ni sensa ya throto. Hizi namba ni za Toyota za enzi hizo kwa jumla, na injini hizi ni za kabla ya funguo zenye chipu, kwa hiyo huna kizuizi cha wizi cha kukusumbua. Kwa anayejenga gari mwenyewe, hilo peke yake ni sababu ya kuzipenda.

Ukipata 12 au 14, nenda kwenye distribyuta. Kwenye valvu 20 iko nyuma ya hedi, na kwenye DX nyuma ya hedi ndipo penye bati linalotenganisha injini na kabini. Wengine hupiga bati nyundo, wengine huihamisha distribyuta. Anayeihamisha hulazimika kurefusha nyaya za ishara, na hapo ndipo anapokosea: nyaya za NE na G zilikuja zimefunikwa kwa wavu wa kuzuia kelele za umeme. Ukirefusha kwa waya wa kawaida na kuupitisha karibu na waya wa koili, injini inaweza kushika na hata kutulia, kisha ikaanza kumisi (kuruka cheche) kila ukivuka mizunguko 4,000 kwa dakika. Tumia waya wenye wavu, na wavu huo uuunge athi upande mmoja tu, wa kontroli boksi.

Aliyepiga bati nyundo naye achunguze nafasi. Injini huinama kidogo kwenye mauntini ukikanyaga mafuta. Kama kifuniko cha distribyuta kiko karibu na bati kiasi cha unene wa kidole, kitagonga. Utaona gari linamisi ukikanyaga kwa nguvu na kutulia ukiachia. Vua kifuniko, kitazame juani: ufa mwembamba kama unywele, wenye rangi ya kijivu ndani yake.

Ikitema moto kupitia upande wa hewa, angalia mpangilio wa nyaya za plagi, 1-3-4-2, halafu taimingi. Taimingi ya msingi ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, na inasomwa TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Ukisoma bila kuunganisha utaona namba kubwa zaidi, utairudisha nyuma kwa nguvu, na gari litakuwa zito bila sababu.

Inashika, ukiachia ufunguo inakufa

Hii huwapa watu moyo kisha ikawavunja moyo hapohapo. Wakati wa kupiga starta, pampu ya mafuta hupata amri kupitia waya wa ishara ya starta, STA. Ufunguo ukirudi, amri inatakiwa ichukuliwe na upande mwingine unaothibitisha kuwa injini inazunguka kweli. Kama upande huo haukuungwa, pampu inanyamaza na injini inamaliza mafuta yaliyobaki kwenye reli (bomba linalogawia nozeli mafuta). Unganisha FP na +B kwenye kisanduku cha uchunguzi ili pampu ifanye kazi muda wote. Injini ikiendelea kunguruma, kosa liko kwenye nyaya za rilei ya pampu.

Usiuache huo waya uwe ndio dawa. Toyota iliweka mpango huo ili ajali ikitokea na injini ikazima, pampu isiendelee kumwaga petroli juu ya ekzosi yenye moto. Tengeneza rilei ipasavyo.

Ikiwa pampu inaendelea kulia na bado injini inakufa, tazama ulikochukua umeme wa koili. Kwenye baadhi ya DX, waya wa koili ya zamani ulipita kwenye kizuizi kinachopunguza volti, na wakati wa starta tu ndipo ulipata volti kamili. Koili na igniteri ya 4A-GE zinataka volti kamili wakati wote. Wavutie waya mpya wenye fyuzi na rilei yake.

Inachemsha

Hapa ndipo 4A-GE nyingi zinapofia, na nyingi hazikuwa na kosa lolote kabla ya kuchemshwa. Tofautisha lini inachemsha.

Ikichemsha kwenye foleni na kupoa ukitembea, ni feni. 4K ilikuwa na feni ya belti. Hii uliyoweka haina, na inategemea feni ya umeme. Shika karatasi mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka. Inatakiwa ivutwe ing'ang'anie rejeta. Ikisukumwa mbali, umegeuza chanya na hasi, na feni yako inapigana na upepo wa barabarani.

Kuna la pili ambalo limewahangaisha wengi. Swichi ya joto ya feni kwenye Toyota za miaka hiyo imejengwa kinyume na unavyotarajia: ikiwa baridi imeunganika, ikipata joto inakatika, na rilei yake ndiyo inayogeuza maana. Ukiifunga kwa rilei ya kawaida, feni itazunguka asubuhi injini ikiwa baridi, na itazima maji yakifika nyuzi 90 na kitu. Ifungue swichi hiyo, itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji jikoni, weka mita kwenye kupima muunganiko, washa jiko. Kengele ya mita italia tangu mwanzo, na maji yakikaribia kuchemka itanyamaza ghafla. Ukishaisikia ikinyamaza mwenyewe, hutaifunga vibaya tena. Sensa ya joto ya kontroli boksi, yenye nyaya mbili, ipime kwenye sufuria hiyohiyo: maji yakiwa nyuzi 20 itasoma ohmu 2,000 hadi 3,000, yakiwa 80 itasoma 200 hadi 400.

Ikichemsha kwenye mwendo, juu ya mlima, huku foleni inavumilia, tatizo ni njia ya maji au rejeta yenyewe. Rejeta ya 4K ilitengenezwa kwa injini yenye nusu ya nguvu hizi. Weka pana zaidi, yenye safu mbili, na uzibe kwa bati au sponji kila mwanya kandoni ili hewa isipite pembeni.

Njia ya maji inataka utulivu. Kwa kuwa injini ililala kwa ubavu, maji ya moto hutokea nyuma ya hedi, upande wa giaboksi. Kwenye DX upande huo unatazama kabini. Wengine huvuta bomba kutoka nyuma hadi mbele, wengine huziba nyuma na kufungua mbele. Mimi nilivuta bomba, nikaona kijibomba kidogo cha kuzungushia maji hakina pa kwenda, nikakiziba. Gari likawa na tabia moja: geji inakaa chini, inakaa chini, kisha inaruka hadi karibu na nyekundu, na baada ya nusu dakika inaanguka tena. Nilibadilisha themostati mara mbili.

Themostati haikuwa na kosa. Kwenye injini hizi inakaa upande ambao maji yanaingia kwenye injini, siyo yanapotoka. Ili ijue kwamba injini imepata moto, lazima maji kidogo ya moto yazungushwe kuipitia, na kazi hiyo hufanywa na kijibomba kile nilichokiziba. Bila hicho, hedi inachemka huku themostati imekaa kwenye maji baridi ya rejeta, ikisubiri nyuzi 82 ambazo hazifiki. Nilipokirudisha, geji ilipanda taratibu, ikasimama katikati, na haikutikisika tena hadi Naivasha na kurudi.

Geji inayoruka inaweza pia kuwa hewa iliyonaswa. Kama sehemu ya juu kabisa ya bomba lako la nyuma imezidi mdomo wa rejeta, hewa itakaa pale. Egesha gari pua ikiwa juu, fungua hita, jaza polepole huku ukizikandakanda hozi. Ni vizuri zaidi kuchomelea nati yenye bolti ya kutolea hewa pale juu.

Na kifuniko cha rejeta usikidharau. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kilicholegea ambacho Mombasa kingekuvumilia, hapa kitakuangusha.

Mapovu yakipanda kwenye rejeta mfululizo tangu dakika ya kwanza, maji yakiwa bado baridi, hapo ndipo unaruhusiwa kushuku gasketi ya hedi.

Inakata kwenye kona, au ukiivuta juu ya mizunguko 5,000

Tangi la DX lilitengenezwa kwa kabureta yenye bakuli lake la akiba. Pampu ya 4K ilihitaji bar 0.2 au 0.3 tu. Mfumo wa nozeli unataka karibu bar 3 bila kukatika hata sekunde moja, na tangi lako halina kuta za ndani za kuzuia mafuta yasikimbilie upande mmoja. Likiwa chini ya nusu, ukikata kona ndefu, pampu inavuta hewa. Gari linasita kama lililonyimwa, kisha linarudi kwa kishindo.

Funga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, ibandike kwa utepe wa gundi juu ya kioo cha mbele kwa nje, na uendeshe mahali pasipo na magari. Presha ikishuka kwenye kona tu, dawa ni kuta ndani ya tangi, au tangi dogo la pembeni la lita 1 au 2 linalojazwa na pampu ndogo ya presha ya chini, na pampu kubwa ikavuta kutoka humo. Ikishuka kila ukikanyaga mpaka chini, hata kwenye njia iliyonyooka, angalia filta, kisha umeme wa pampu: pima volti kwenye pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi. Waya mwembamba wa zamani unaweza kukupa 12.5 kwenye betri na 10 kwenye pampu.

Presha ikiwa juu mno na moshi ni mweusi, njia ya kurudishia mafuta tangini ni nyembamba au imebanwa.

Hozi za mafuta nitazisema kwa ukali. Hozi ya kabureta haijatengenezwa kwa bar 3. Itakaa wiki mbili, itavimba pale penye klipu, halafu itapasuka ekzosi ikiwa nyekundu. Nunua hozi iliyoandikwa ubavuni kuwa ni ya mfumo wa nozeli, na klipu za kuzunguka zisizokata mpira. Mzima-moto mdogo uwe ndani ya gari, pale mkono unapofika, kabla hujapiga starta ya kwanza.

Taa ya oili inamulika

Ikimulika kwenye kona au ukishika breki kali, ni sampu (bakuli la oili chini ya injini). Sampu ya gari la magurudumu ya mbele mara nyingi hugongana na kriosi ya DX (boriti inayovuka chini ya injini), kwa hiyo tunaikata au kuweka ya AE86, Corolla iliyokuwa na 4A-GE na kusukuma magurudumu ya nyuma. Ukibadilisha sampu, badilisha pia bomba la kunyonyea oili liwiane nayo. Weka donge la udongo wa mfinyanzi chini ya chujio lake, fungia sampu kwa muda, fungua tena, pima unene wa udongo uliobaki. Ukiwa chini ya milimita 5 oili inabanwa. Ukizidi 12 chujio litabaki juu kwenye hewa. Ikimulika wakati wote, zima sasa hivi na ufunge geji ya mkono. Usiendeshe hata kurudi nyumbani.

Inapumua juu na chini bila kukanyagwa, au inatoa moshi mweusi

Throto bodi nne maana yake gasketi nne za kuvuja. Puliza maji kidogo kidogo kwa chupa ya kunyunyizia pale zinapokutana na hedi. Mlio ukibadilika, umepata. Yenye kifuniko cheusi inapima hewa kwa sensa ya mvutano, na vijibomba vinavyotoka kwenye silinda zote nne lazima vikutane kwanza kabla ya kufika kwenye sensa. Ukichukua kutoka silinda moja, usomaji unarukaruka na kontroli boksi inamwaga mafuta. Yenye kifuniko cha fedha inapima kwa kile kijimlango cha hewa, na kila mwanya baada yake ni hewa isiyohesabiwa.

Breki ikiwa ngumu kama jiwe, ujue buusta (kisaidizi cha breki) nayo inanyimwa mvutano kwa sababu hiyohiyo. Ilishe kutoka kwenye silinda zote nne kupitia chemba ndogo na valvu ya upande mmoja.

Gari kukosa kama asilimia 17 ya nguvu zake Nairobi ukilinganisha na pwani siyo kosa. Ni hewa ya juu.

Gia zinasaga, gari linatetema

Gia zikisaga hata ukikanyaga klachi hadi chini, na ukisikia mvumo unaokuja klachi ikiwa chini tu, uliza kuhusu beringi ndogo inayokaa nyuma ya krankshafti kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Injini iliyotoka kwenye gari la magurudumu ya mbele huja bila hiyo. Ni kipuri cha bei ndogo, na kukisahau kunakugharimu kushusha giaboksi upya.

Mtetemo, uchunguze hivi. Endesha mpaka unapotokea, weka nyutro, acha gari liserereke. Ukiendelea kwa mwendo uleule, ni propela shafti au magurudumu. Ukipotea pamoja na mizunguko ya injini, ni mauntini au klachi. Kwa propela, pima mwinamo wa ncha ya giaboksi na wa difu, hata kwa simu yenye programu ya kupima mlalo: pembe hizo zinatakiwa zilingane, tofauti isizidi nyuzi 1. Wengi hutuma shafti ibalansiwe mara tatu wakati giaboksi imeinama kwa sababu mauntini yake ya nyuma ilichomelewa kwa kukadiria.

Geji na karatasi

Geji ya joto ya DX haisomi sawa na sensa ya geji iliyokuja na 4A-GE. Hamisha ile ya 4K. Spidomita itapotoka, linganisha na simu kabla hujapigwa faini. Namba ya injini imebadilika, kwa hiyo gari likaguliwe na logibuku irekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani ya Kenya, na karatasi za ununuzi wa injini uzitunze, kwani ndizo zitakazoulizwa siku unapouza au siku ya ajali.

Breki za mbele ziwe zimeboreshwa kabla ya safari ya kwanza. Hilo silijadili.

Safari ya kwanza iwe kilomita 5 kuzunguka nyumbani, kisha simama, fungua boneti, na upitishe mkono, siyo macho, kwenye kila waya unaopita karibu na ekzosi, hasa pale bomba linapojibana. Ile ya pili iwe 20. Baada ya 100, kaza upya bolti za mauntini, za ekzosi na za propela, na uzichore kila moja mstari wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Wiki ijayo, mstari uliovunjika utakuonyesha ni nati ipi imesogea.